Mikono Inayokula Chuma

Nyumbani kwetu chuma nilipewa kimefungwa kwenye jani la mgomba. Sisemi chuma cha moto, maana hicho hakifungwi na jani. Nasema jembe lililokwisha kufuliwa na kunolewa, limepoa, linangoja mnunuzi. Baba yangu alikuwa mhunzi, na dada zangu wakitumwa kupeleka jembe kwa mgeni pale uani walilibeba kwa mikono mitupu. Nikitumwa mimi, mama alikata jani, akalipasha motoni kidogo ili lisipasuke, akalizungushia lile bamba, ndipo akanikabidhi. Nikisahau nikaligusa, kesho yake asubuhi vidole vyangu vilikuwa vimejichora pale kwa kutu, kimoja kimoja, na hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Wahunzi wanalijua jambo hili. Wapo watu ambao jasho lao ni kali, na kwetu tulisema mikono yao inakula chuma. Ukiwa mtoto wa mkulima huna shida, utashika mpini ulime mpaka uzeeke bila mtu kujua. Ukizaliwa kwa mhunzi, umekwisha. Mnunuzi wa jembe kwetu haliangalii kwa macho tu. Analining'iniza kwa uzi, analigonga kwa kijiwe, anategesha sikio. Likilia kwa muda mrefu, chuma ni kizima. Sauti ikikatika upesi, kuna ufa ndani. Akiridhika na mlio analigeuza kutafuta kutu, na akiiona kwenye jembe jipya anaweza kuondoka bila hata kuaga. Baba aliwahi kupoteza mnunuzi kwa sababu ya kidole changu kimoja, na nilisikia habari zake mpaka nikavunja ungo.

Tena uhunzini mwanamke hakukaribia moto wala mivukuto, huo ulikuwa mwiko wa wote. Kwa hiyo mimi nilifungiwa mlango mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwa mwanamke, mara ya pili kwa jasho langu mwenyewe. Nilikasirika tangu utotoni na sijaacha.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Ameajiriwa katika ulinzi huko Mwanza, na juzi alinipigia simu. "Bibi, wewe si ulikuwa mgambo? Wanatupa bastola. Ipo yenye fremu ya chuma na ipo yenye fremu ya plastiki. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Akacheka, akidhani bibi naye atacheka yaishe. Nikamwambia, "Una salio la kutosha wewe?" Nikaanza kumweleza, na salio likamwishia sijafika hata mahali pa maana. Basi ninaandika.

Wakati ule tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara, upande wa Runazi. Siku ya kuhama watu walibeba milango na kuku, baba akabeba fuawe lake la jiwe kwenye baiskeli, akisukuma mwenyewe na kumkemea kila aliyetaka kumsaidia. Akajenga banda la uhunzi nyuma ya nyumba mpya, akaendelea kufua majembe kwa springi za malori yaliyokufa. Kijijini tulichanganyika, Wasubi, Wazinza kama sisi, na Wasukuma waliotoka Mwanza na Shinyanga na ng'ombe wao. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mmoja akikivuta upande wake.

Mafunzo ya mgambo tuliyafanya wasichana na wavulana pamoja. Gwaride lilikuwa lile lile, kutambaa kwenye matope yale yale, kwa bunduki za mbao tulizochonga wenyewe. Nilichonga yangu vizuri kuliko wengi, nasema bila aibu. Kisha vita vikaanza huko mpakani na bunduki za kweli zikaja. Wanaume wakapewa bunduki. Sisi tukapewa sufuria.

Nilipika. Nilipika maharage ya watu wazima wenye njaa, nikageuza ugali kwa mwiko mrefu kama mchi, na kila nikigeuza nilikuwa nasema moyoni, haiwezekani. Haiwezekani nimetambaa kwenye matope yote yale ili niishie hapa.

Ndipo likaja suala la lori. Lilikuwa lori la kukusanya chakula cha askari. Lilianzia vijiji vya Ngara, likapita Biharamulo likibeba mahindi, maharage na makopa ya muhogo mkavu, likaendelea hadi ghala la jeshi kaskazini. Njia ilikuwa ya msitu na watu wabaya walikuwepo, wakitumia vita kama kificho. Dereva alitaka mlinzi mmoja wa kukaa naye mbele. Bunduki ndefu ilikuwa usumbufu mle ndani, inagonga kioo, inamchoma dereva ubavuni, kwa hiyo mlinzi angepewa bastola. Mkufunzi wetu wa mgambo akatuita uwanjani. Alikuwa sajini mstaafu kutoka kusini, mfupi, sauti yake ikisikika mpaka shamba la kijiji.

"Nafasi ni moja," alisema. "Anayeitaka asogee mbele."

Nikasogea kabla hajafunga mdomo. Kicheko kilichopigwa pale, jamani! Kuna mama alishika mbavu. Akasogea pia kijana mmoja Msukuma, mrefu, mwenye maneno mengi na roho safi, ambaye tangu siku ya kwanza ya mafunzo alikuwa ameniteua mimi kuwa mtu wake wa kumtania. Wengine walitaka kwenda mbele kabisa vitani na ndugu zao, lori hawakulitaka. Tukabaki wawili.

"Dada," akaninong'oneza, "ukienda wewe ugali wetu utageuzwa na nani?"

"Na wewe," nikamjibu. "Mikono mirefu unayo."

Mkufunzi akafungua kitambaa mezani. Bastola zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya zamani, chuma kitupu kuanzia mtutuni hadi kitakoni, nyeusi, nzito. Ya pili ilikuwa kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Juu ilikuwa chuma, lakini chini, pale mkono unapokamata, ilikuwa plastiki ngumu. Alisema imetekwa kutoka kwa adui, na kwamba Wazungu ndio kwanza wanaanza kuzitengeneza za namna hiyo. Akatueleza fremu ni nini, kwa mfano wa baiskeli: mtutu, kifyatulio na magazini ya risasi vyote vinashikiliwa na fremu, kama magurudumu na pedali. Hii fremu yake ni chuma, hii fremu yake ni plastiki, na zote mbili zinaua.

Watu wakasogea kuangalia, na wakafanya kile ambacho watu wa kwetu wangefanya. Mzee mmoja akaomba kijiwe. Mkufunzi, ambaye hakuzijua desturi zetu, akampa ruhusa baada ya kutoa risasi na kukagua mara mbili. Mzee akaigonga ile ya chuma taratibu. Ikalia, safi, sauti ikakaa hewani. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akaigonga ya plastiki. Ko. Basi, ko, kama mtu aliyegonga jagi la maji. Uwanja mzima ukacheka. Baba yangu alikuwepo, naye hakucheka, lakini alitikisa kichwa na kusema neno moja tu, "Haina sauti." Kwa mhunzi hilo ni hukumu.

"Mwanamke aanze kuchagua," mkufunzi akasema, na bila kungoja akanisogezea ya plastiki. "Chukua hii, dada. Ni nyepesi, inawafaa akina mama."

Angesema neno lingine lolote. Angesema hii ndiyo iliyobaki, ningeipokea na kushukuru. Lakini inawafaa akina mama? Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Nipe ya chuma," nikasema.

Nikainyoosha mikono yangu, na baba akaiona. Nilimwona akiiona. Hakusema kitu mbele za watu, ila jioni alinikuta uani naifuta ile bastola, akasimama pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe mikono yako unaijua."

"Naijua."

"Basi unajitafutia nini?"

Niliendelea kufuta, kwa sababu jibu lilikuwa refu na lilimhusu yeye. Nilitaka nafasi ile ya lori, naam, niliitaka kufa na kupona. Lakini zaidi ya hapo nilitaka mtu anikabidhi chuma mkononi bila jani. Nilikuwa mtu mzima na kitu hicho sikuwahi kukipata kwa baba yangu, basi nilikuwa nimekipata kwa jeshi.

Masharti ya mkufunzi yalikuwa mepesi kueleweka. Kila asubuhi angekagua silaha. Mwishoni tungetembea safari ndefu na silaha zetu, turudi, tulenge shabaha, kisha akague tena, ndipo aamue. Atakayeshindwa kama ni mwanamume atarudi doria za kawaida. "Na kama ni mwanamke," akasema, "jikoni nafasi haikosekani."

Haya sasa, mjukuu wangu, hapa ndipo salio lilipokwisha. Sikiliza.

Bastola ya chuma ni nzito, na uzito ule una ubaya wake na uzuri wake. Kiunoni siku nzima inakuvuta upande mmoja, jioni nyonga inakuuma. Ukiinyoosha kulenga, mkono unaanza kutetemeka kabla hujaamua. Lakini ukifyatua, uzito unalimeza teke lote. Inaruka kidogo tu, inarudi mahali pake, na macho yako bado yapo kwenye shabaha. Risasi zangu zilikaa pamoja kama kuku chini ya ungo. Yule mwenzangu na plastiki yake alikuwa anatoka jasho. Nyepesi, ndiyo, aliibeba bila kuihisi, lakini iliruka mkononi mwake kila alipofyatua, na kifyatulio chake kilikuwa kigumu ajabu, ukikivuta mtutu unahama. Risasi zake zilitembelea kijiji kizima. "Hii jagi inanichukia!" alikuwa akilalamika. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sikucheka kwa muda mrefu. Asubuhi iliyofuata mkufunzi aliinua bastola yangu juani, akaigeuza. Pale kitakoni, vidole vyangu.

"Hii nini?"

"Kutu, afande."

"Jana hapakuwa na kutu."

"Hapakuwa na kutu, afande."

Akadhani ni uvivu. Nikaisugua mpaka ikang'aa. Nikaipaka samli, nikaipaka mafuta ya nyonyo, nikaipaka mafuta ya bunduki aliyonipa yeye mwenyewe. Mafuta yakikaa kwenye chuma, mkono unateleza. Ukiyafuta ili ushike vizuri, jasho linaingia. Nikajifunga kitambaa kiganjani. Kitambaa kikaloa na kunivurugia shabaha. Ulikuwa msimu wa mvua, hewa yenyewe ilikuwa maji. Nilijikaza, nilikuwa naamka kabla ya majogoo kuifuta, na bado mkufunzi akiinua alikuta alama, hapa nusu ya kidole, pale ncha. Mara ya mwisho hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Dada," akasema polepole, "silaha yenye kutu haiingii kwenye lori langu. Nikiiona tena, unarudi jikoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

Nilikwenda moja kwa moja uhunzini. Nilisimama kwenye mstari wetu, pale wanawake tuliposimama, nje ya kivuli cha banda. Baba alikuwa na jembe motoni. Hakuinua macho.

"Nilikwambia," akasema.

Nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, kwamba amenifunga jani maisha yangu yote, kwamba dada zangu wanashika na mimi siruhusiwi, kwamba jasho sikulichagua, aliyenipa ni Mungu na huenda nimelirithi kwake. Alinisikiliza huku akifua. Kisha chuma kikapoa, akakirudisha motoni, akakamata koleo ageuze.

Nikaliona lile koleo. Nilikuwa nimeliona tangu nizaliwe. Mikono ya koleo ilikuwa imevishwa mti, yote miwili, iliyolainika kwa kushikwa na babu kabla yake. Nyundo ilikuwa na mpini wa mti. Patasi vile vile. Kisu chake kiunoni, mpini wa mti. Majembe yote yale aliyoyafua, yaliyolia vizuri kwa kijiwe, hakuna hata moja lililowahi kulima kabla ya kutiwa mpini.

"Baba," nikasema, na hasira imenitoka yote, "wewe mwenyewe chuma unakishika na nini?"

Akaacha kugeuza. Akaangalia mkono wake.

"Na mti," akasema.

"Na jembe la chuma mpaka kwenye mpini ungelinunua?"

"Lingenichubua mikono. Nani analima na kitu kama hicho?"

"Basi ile plastiki tuliyoicheka ni mpini tu. Ilikuwaje tukaigonga?"

Kweli, ilikuwaje tukaigonga? Kijiji kizima chenye akili timamu, na mhunzi akiwemo. Nani anagonga mpini kusikiliza mlio? Mabega ya baba yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. Kucheka kwa baba kulikuwa kwa nadra, na pale uhunzini sikuwahi kukuona.

Kubadilishana hakukuwa kazi. Mwenzangu alikuwa tayari kunibusu. "Chukua jagi lako, dada, Mungu akubariki, ila usije ukajuta." Mkufunzi akakubali akiwa na kitabasamu cha nilikwambia, na kijiji kikapata cha kusema kwa wiki nzima. Aha, amerudi kwenye ya akina mama! Ilibidi niyatie pamba masikio. Niliumia, sitadanganya, kwa sababu niliikataa ile silaha mbele za watu kwa kiburi na sasa naichukua mbele ya watu wale wale. Lakini nilikuwa nimeamua. Kiburi hakipandi lori.

Nilichokuwa nakihitaji sasa ni kidole. Kifyatulio kile kigumu kilihitaji kidole chenye nguvu, kivute pole pole bila mkono kushtuka. Nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakifunga kwenye nguzo ya jiko, nikawa nakivuta kwa kidole cha shahada huku mkono wa pili unageuza ugali. Nilivuta asubuhi, nilivuta jioni, kidole kikavimba, kikapona, kikavimba tena. Wenzangu jikoni waliniona kichaa. Na kuhusu kuruka kwake, nikajifunza kukamata juu zaidi, kiganja kikae karibu kabisa na chuma, na kuikaza kwa mikono miwili kama unavyokaza mchi. Ikatulia. Haikutulia kama ile nzito, hapana, lakini ilitulia vya kutosha.

Ilibaki ile sehemu ya juu, ambayo ni chuma, na ambayo lazima uishike kuivuta nyuma. Nilifikiri nifanye nini, nikacheka peke yangu. Nilikwenda mgombani, nikakata jani, nikalipasha motoni ili lisipasuke, nikalikunja mfukoni mwa shati langu la mgambo.

Siku ya jaribio mvua ilianza tukiwa bado hatujatoka. Tulitembea kuelekea Nyarubungo na kurudi, tumeloa mpaka mifupani. Mwenzangu alikuwa anavimba kifua, kwa sababu alikuwa amejitengenezea mfuko mzuri wa ngozi wa kuvaa kiunoni, wa ng'ombe wao wenyewe, akaushona kwa ustadi, na bastola ya chuma imekaa ndani kama bwana harusi. Mimi yangu niliifunga kwa kamba ya katani na kitambaa, haikupendeza hata kidogo.

Tukafika, tukalenga. Alinizidi. Nasema ukweli, risasi zake zilikaa karibu zaidi kuliko zangu, ile bastola nzito ilikuwa rafiki kwa mikono yake mikavu. Zangu zote ziligonga, ila zilitawanyika kidogo. Watu wakaanza kumpigia makofi. Nilihisi sufuria ikinisogelea.

"Leteni silaha," mkufunzi akasema.

Akaanza na ya mwenzangu. Akaitoa, akaigeuza, uso ukabadilika. Ubavu mzima ulikuwa mwekundu. Haikuwa alama ya kidole, ilikuwa kutu iliyotambaa kuanzia mtutuni hadi kwenye kifyatulio, na kipande cha juu kilipovutwa kilikwaruza. Mwenzangu akabaki mdomo wazi. "Afande, nimeipaka mafuta jana!" Baba yangu ndiye aliyeuchukua ule mfuko wa ngozi, akaunusa, akautia ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema.

Ngozi ilikuwa bado changa. Kwao ngozi hukaushwa kwa chumvi ili isioze, na kwa kulalia au kwa viti haina neno. Kaiweke bastola ya chuma humo, kisha uitembeze kwenye mvua mchana kutwa. Siku nyingine mimi ningemcheka mpaka kesho. Siku ile sikuweza, nilikuwa najua jinsi kutu inavyoonekana ukiwa umejitahidi.

Mkufunzi akachukua yangu. Akautazama mpini, akaitazama chini, akavuta kipande cha juu, kikaenda na kurudi bila mkwaruzo. Akachungulia ndani. Halafu akaliona jani la mgomba limechomoza mfukoni mwangu.

"Hilo la nini?"

"La kushikia chuma, afande. Mikono yangu inakula chuma."

Nilikuwa nimesema mbele ya kijiji chote kile ambacho nyumbani kwetu kilisemwa kwa kunong'ona. Akanitazama, akaitazama bastola, akanirudishia.

"Lori linaondoka Jumatatu," akasema. "Usichelewe."

Nililipanda lori lile mpaka vita vilipokwisha. Sikumpiga mtu risasi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mara moja tulisimamishwa na gogo barabarani, nikashuka nikasimama pale waone nilichonacho, na waliokuwa vichakani wakaona heri wabaki vichakani. Asubuhi za baridi kwenye vilima vya Ngara plastiki ile haikunichoma vidole kwa ubaridi, na mchana ikiwa juani mbele ya kioo niliikamata bila kuruka. Jani nilibadilisha kila lilipokauka. Madereva walinizoea. Siku ya kurudisha silaha, karani wa jeshi aliipokea, akaigeuza, akasema, "Hii imetunzwa," akaiweka na nyingine. Nikatoka nje nikalia, na sijui mpaka leo nililia nini.

Nikarudi nyumbani kwa miguu kutoka barabarani. Baba alikuwa uhunzini. Nikasimama kwenye mstari wetu, nikamwamkia, akaitikia. Palikuwa na jembe limepoa juu ya fuawe, jipya, limenolewa. Mama akainuka kwenda mgombani.

"Kaa," baba akamwambia.

Akalichukua lile bamba, akatoka nalo mwenyewe mpaka nje ya kivuli, akaninyooshea. Halikufungwa chochote.

"Lishike."

"Baba, litaharibika."

"Mimi ndiye mhunzi au wewe? Lishike."

Nikalishika. Lilikuwa baridi, zito, kingo zake kali. Nikalishika kwa nguvu, kwa kiganja kizima, jasho likinitoka, naye alisimama akiniangalia mpaka nikatosheka. Kisha akalichukua akaingia nalo ndani, na hatukulizungumzia tena. Nilijua atalisugua kabla mnunuzi hajaja.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, tulikwenda kutoa vitu vyake chumbani. Juu ya kitanda, kwenye msumari, kulikuwa na jembe lisilo na mpini. Lilikuwa limepakwa mafuta kwa uangalifu, linang'aa kama la jana, isipokuwa mahali pamoja ambapo hakupaka. Vidole vinne vya kutu upande huu, na nilipoligeuza, dole gumba upande wa pili.